Diski pacha za kuwashia seva ya FreeBSD: gmirror, ZFS au kadi ya RAID?

seva_njiro (Arusha)

Wakuu, habari za kazi. Ninasimamia seva ya ofisi ya utalii hapa Njiro, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ikitegemea diski moja tu, na mwezi uliopita diski hiyo ilianza kutoa ule mlio wa kukwaruza ambao kila fundi anaujua. Data tuliinusuru, lakini bosi ameniambia waziwazi kwamba hataki presha ya namna ile imkute kati ya Juni na Oktoba, wakati wageni wanapokuwa wengi na kila safari imeandikwa humo.

Nimepewa seva iliyotumika ila nzima, yenye kumbukumbu ya GB 16 aina ya ECC (inayojisahihisha makosa), nafasi nne za diski na kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zionekane kama moja. Nina SSD mbili za GB 480 kwa ajili ya mfumo na diski mbili za TB 4 kwa ajili ya mafaili ya ofisi. Nitaweka FreeBSD, mfumo endeshi wa familia ya Unix. Ninachoomba ni ulinganisho wa njia tatu za kuziunganisha diski ziwe pacha, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe na kwenye ya pili: gmirror (zana ya FreeBSD ya kuunganisha diski), ZFS (mfumo wa mafaili unaounganisha diski wenyewe), au niiachie kadi ya RAID kazi hiyo. Pia nifahamisheni kama kuna maana ya kutenga diski za kuwashia na diski za data.

mwalimu_wa_rau (Moshi)

Karibu, mkuu. Nianze na jambo linalowashangaza wengi: gmirror na ZFS ya FreeBSD zimepitia mikono ya mtu mmoja, Mpolandi Pawel Jakub Dawidek, aliyeandika gmirror na baadaye akaihamishia ZFS kutoka Solaris, mfumo endeshi wa kampuni ya Sun, hadi FreeBSD. Kwa hiyo huu si ushindani wa kambi mbili, na anayekuambia kwamba gmirror ni kitu kibovu hajui anachokisema.

Tofauti yake iko kwenye kile ambacho kila moja inakifahamu. gmirror inajua sekta tu, yaani vipande vidogo vya diski. Haijui faili ni nini, haijui ni sekta zipi zina data na zipi ni tupu, na kwa sababu hiyo umeme ukikatika ghafla seva ikiwa inaandika, itakapowaka inanakili diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho ili ziwiane, hata kama umetumia robo tu ya nafasi. Kwenye SSD ya GB 480 hilo linavumilika. Kwenye diski ya TB 4 utakunywa chai, utakula mchana, na bado utaikuta ikizunguka. ZFS kwa upande wake hunakili yale tu yaliyotumika, na ikiwa diski ilitoka kwa muda mfupi kisha ikarudi, hunakili yale tu yaliyobadilika wakati haikuwepo.

La pili ndilo zito zaidi. Diski mara nyingine haifi, bali hudanganya: inakurudishia data iliyoharibika bila kutoa kosa lolote. gmirror ikiwa na nakala mbili zinazotofautiana haina namna ya kujua ipi ni ya kweli, na itakupa ile iliyoisoma kwanza. ZFS huhifadhi jumla ya uhakiki (checksum) ya kila bloku, huikagua kila inaposoma, na ikigundua nakala moja imeharibika huichukua ile nzima na kuisahihisha mbovu papo hapo. Ukiweka `daily_scrub_zfs_enable="YES"` kwenye periodic.conf, seva itajikagua yenyewe kila baada ya siku 35 pasipo wewe kuikumbusha.

Kwa mashine yenye GB 16 za ECC sioni sababu ya kuikwepa ZFS. gmirror ningeiacha kwa mashine ndogo zenye kumbukumbu ya GB 1 au 2, ambako UFS, mfumo wa mafaili wa asili wa FreeBSD, na gmirror vitakaa kwa raha. Ukiitumia, kumbuka kwamba huandika habari zake kwenye sekta ya mwisho kabisa ya diski, mahali palepale ambapo GPT, mpangilio wa kuigawa diski, huweka nakala ya jedwali lake, kwa hiyo usiunganishe diski nzima zenye GPT. Unganisha patisheni, yaani sehemu za diski, moja moja.

kebo_sakina (Arusha)

Kuhusu kadi ya RAID nitasema machache. Kadi nzuri yenye betri inafanya kazi, na uzuri wake ni kwamba BIOS, programu ya ndani inayoanzisha mashine, huona diski moja, hivyo suala la kuwasha linakuwa jepesi. Tatizo ni siku kadi yenyewe inapokufa. Mara nyingi diski zako hazitasomeka kwenye kadi ya kampuni nyingine, na kadi ya mtindo wa zamani utaitafuta maduka yote kuanzia Mnara wa Saa hadi Kariakoo. Diski za ZFS ukizichomoa hapa unazichomeka kwenye kompyuta yoyote yenye FreeBSD, unaandika `zpool import`, na zinasomeka. Ukichagua ZFS, ibadilishe kadi iwe ya kupitisha diski tu, ili mfumo uzione diski zenyewe.

mzee_wa_solaris (Moshi)

Vijana wangu, mnalinganisha vizuri, lakini mmepita kando ya pale ninapopaogopa mimi. Diski pacha haina faida kama ile iliyobaki haiwezi kuiwasha mashine.

Zamani nilitunza mashine ya Solaris katika ofisi moja hapa mjini, yenye diski mbili zilizounganishwa kwa Solaris Volume Manager. Mfumo ule huweka rekodi ndogo za hali ya diski, na tulikuwa tumeweka mbili kwenye kila diski, tukajiona tumefanya usawa. Diski moja ikafa siku ya Jumanne. Mashine ikaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu kanuni yake ni kwamba nusu ya rekodi ikiwepo itaendelea. Jumamosi tukaizima ili tubadilishe diski, tukaiwasha, nayo ikagoma kuingia katika hali ya kawaida. Kumbe ili iwake inahitaji zaidi ya nusu, na sisi tulikuwa na nusu kamili. Tiba yake ilikuwa amri moja ya `metadb -d` kuziondoa rekodi za diski iliyokufa, lakini nilihangaika saa tatu kabla ya kuijua, na mhasibu amesimama mlangoni amekunja mikono.

seva_njiro (Arusha)

Shikamoo mzee, nashukuru kwa kisa hicho. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kama ZFS inanakili kila kitu, je, hainakili na ile programu ya kuwashia?

binti_kiboriloni (Moshi)

Hainakili, kaka, na sababu yake ni ya mpangilio. ZFS hutunza patisheni yake tu. Programu ya kuwashia hukaa nje ya patisheni hiyo, kwa sababu inatakiwa kusomwa na BIOS au mrithi wake UEFI kabla ya keneli, kiini cha mfumo, kuamka, na BIOS haijui lolote kuhusu upacha wa diski. Kisakinishi cha FreeBSD hupanga mambo hayo siku ya kwanza, ndiyo maana watu husahau. Mtego uko siku unapobadilisha diski: `zpool replace` itajaza data yote kwenye diski mpya, `zpool status` itakuonyesha ONLINE (yaani iko kazini) kila mstari, na bado diski hiyo haitawasha chochote.

Tuseme umebadilisha diski ya pili, ada1 (ya kwanza ni ada0), na mashine inawaka kwa BIOS. Kwanza nakili mpangilio wa patisheni kwa `gpart backup ada0 | gpart restore -F ada1`. Kisha andika programu ya kuwashia kwa `gpart bootcode -b /boot/pmbr -p /boot/gptzfsboot -i 1 ada1`, baada ya kuhakikisha kwa `gpart show` kwamba patisheni namba 1 kweli ndiyo ya freebsd-boot. Ukiwa na UFS na gmirror, faili huwa ni gptboot badala ya gptzfsboot. Kwa mashine ya UEFI, kila diski inatakiwa kuwa na patisheni yake ndogo ya FAT, muundo ambao UEFI huusoma, nawe unakili programu ya kuwashia loader.efi ndani yake kwa jina la `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`. Hayo yakishakamilika ndipo uandike `zpool replace`.

Kuna makosa mengine mawili niliyoyaona kwa macho yangu. Mtu akianza na diski moja kisha akataka kuongeza ya pili, amri sahihi ni `zpool attach`. Akiandika `zpool add`, ZFS haitamzuia, bali itazipanga diski mbili zibebe data kwa kugawana, na hapo diski yoyote ikifa, hifadhi yote imekufa. Kosa la pili ni kuandika `zpool upgrade` kwa sababu tu status imekudokezea, bila kuandika upya programu ya kuwashia kwenye diski zote mbili. Programu ya zamani inaweza kushindwa kuusoma muundo mpya, na hutalijua hilo hadi siku utakapoizima mashine.

kebo_sakina (Arusha)

Naongezea kuhusu kutenga. Zitenge. SSD mbili ziwe hifadhi ya mfumo, diski za TB 4 ziwe hifadhi ya data. Mfumo ukiharibika utausakinisha upya bila kugusa data, na ukipandisha toleo, `bectl` inakuwezesha kurudi kwenye mfumo wa jana. Halafu SSD hizo, ukiweza, ziwe za kampuni mbili tofauti. Pacha huandikiwa kiasi kilekile kila siku, kwa hiyo zikiwa za aina moja na za siku moja zinaweza kuchoka kwa pamoja.

fundi_majengo (Moshi)

Samahani kwa kuingilia. Sisi tunatumia Linux na mdadm, zana yake ya kuunganisha diski. Je, hayo ya kuwasha yanatuhusu?

mwalimu_wa_rau (Moshi)

Yanawahusu sana. Endesha `grub-install`, amri inayoweka programu ya kuwashia, kwenye diski zote mbili, si ile ya kwanza pekee. Wapo wanaoiunganisha patisheni ya UEFI kwa mdadm wakitumia metadata (rekodi za mdadm) ya toleo 1.0, ambayo hukaa mwishoni mwa patisheni, ili UEFI ione FAT ya kawaida. Inafanya kazi, ila mimi napendelea patisheni mbili zilizojitenga, kwa kuwa UEFI ikiandika kwenye moja mdadm haitakuwa na habari.

seva_njiro (Arusha)

Wakuu, narudi na majibu baada ya wiki mbili. Nimechukua ZFS kwa jozi zote mbili, nimezitenga kama nilivyoshauriwa, na kadi ya RAID nimeiweka katika hali ya kupitisha diski. Moja ya SSD nimeirudisha dukani nikapewa ya kampuni nyingine. Ilikuwa na sekta chache pungufu, kwa hiyo nililazimika kuanza upya na kuacha GB 2 tupu mwishoni mwa kila diski.

Jumapili jioni, ofisi ikiwa tupu, niliizima seva, nikachomoa ada0, nikaiwasha. Ikaniandikia kwamba haioni diski ya kuwashia. Programu ilikuwepo; kosa lilikuwa ndani ya BIOS, ambako ada1 haikuwa kabisa kwenye orodha ya kuwashia. Nikaiongeza, nikajaribu tena, ikawaka, status ikionyesha DEGRADED, yaani pacha mmoja hayupo. Nikarudisha ada0, ikajazwa kwa sekunde chache, kisha nikarudia zoezi kwa kuchomoa ada1. Nimebandika karatasi yenye namba ya serial ya diski mbele ya kila nafasi, nikizisoma kwa `diskinfo -v`, ili siku ya siku nisije nikachomoa ile nzima.

mzee_wa_solaris (Moshi)

Marahaba. Chelezo ya data umeiweka wapi? Maana faili likifutwa, linafutwa kwenye pacha wote wawili kwa mkupuo.

seva_njiro (Arusha)

Diski ya nje, mzee, natuma kwa `zfs send` kila Ijumaa. Bosi huondoka nayo kwenda nyumbani.