Majirani wa Shangani, Mtwara: sufuria ya Bi Somoe

Bi Somoe: 📷 Haya, tazameni. Ile sufuria iliyotoboka, mliyosema niwape wa vyuma chakavu, nimeipanda shubiri na wenzie wa majani manene.

Zuhura: Shikamoo Bi Somoe. Mashallah! Hiyo ya zambarau ndo ipi tena?

Bi Somoe: Marahaba mwanangu. Mie naiita Bibi Harusi. Barazani ilikuwa kijani tupu, nimeitoa juani ndo ikajipaka rangi.

Mama Rehema: Bi Somoe, shubiri yangu imelainika shinani. Jua au maji?

Bi Somoe: Maji hayo. Chomeka kijiti, kikitoka kikavu ndo umwagilie. Mvua za Desemba zikianza, ingiza chini ya paa.

Mwl. Issa: Mimea hii hufungua vitundu vya majani usiku, mchana inavifunga isipoteze maji. Nanasi nalo liko hivyo. Hata mkonge wa Kikwetu kule Lindi, ambao asili yake ni Meksiko na ulifika Tanganyika 1893...

Hamisi: Mwalimu leo Jumamosi 😂

Hamisi: Bi mkubwa, mchanga wa ufukweni si unafaa? Upo bure.

Bi Somoe: Una chumvi huo. Chota wa korongoni, uchanganye na kokoto ndogo na vipande vya mkaa.

Zuhura: Mie nauliza huu mpangilio. Unautoa wapi?

Bi Somoe: Kwenye ukili wa mikeka ninayosuka, na ukili nao siku hizi unatoka hukohuko bustanini. Itazame shubiri iliyokomaa kwa juu. Kila jani linakaa penye pengo la yale ya chini, hakuna linalomkinga mwenzie jua. Nikawa naiangalia asubuhi nikinywa chai, mpaka nikachukua ukindu. Kile kitanga, mkeka wa duara, cha bintiye Mwanahawa anayeolewa nimekianza kati, nikazungusha, kijani iliyopauka kisha zambarau, kijani tena. Rangi nimezichemsha mara mbili hazijakubali, zambarau ya dukani inapiga kelele mno. Miaka yote nasuka mistari ile ile ya mama, na mizuri, lakini mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Sasa nafumua, nafikiri, nasuka. Mwanahawa ananiuliza kitaisha lini 😄

Zuhura: Tupe picha ya kitanga!

Bi Somoe: Hata. Mtakiona harusini.

Mama Rehema: Mie nataka mnyaa pale wanapochezea watoto, unapendeza.

Mwl. Issa: Hapana dada, utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Peleka mbali, kwenye ua wa nje.

Zuhura: Bi Somoe niombee kijipande cha Bibi Harusi.

Bi Somoe: Njoo uchukue jani. Liache kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, usikimbilie kufukia.

Hamisi: Nina kasha la redio ya mbao ya marehemu baba, haiongei tena. Linafaa?

Bi Somoe: Linafaa sana. Tandika nailoni ndani, toboa chini, ulilete. Kutoboa ufanye wewe, mie bega linauma.