Kwa nini kioo cha nyuma cha Corvette ya 1963 kiligawanywa?

Muulizaji, Kisasa, Dodoma:
Ndugu zangu, nimebandika ukutani picha ya gari la michezo la Kimarekani, Corvette Sting Ray ya mwaka 1963, na kila nikiitazama macho yangu huishia kwenye kioo cha nyuma, kilichogawanywa katikati na ufito wa bodi. Toleo la 1964 lina kioo kimoja kizima. Ikiwa umbo lile lilipendeza kiasi hiki, kwa nini liliachwa baada ya mwaka mmoja tu?

Mwalimu wa michoro ya ufundi:
Ufito huo ulizua ubishi ndani ya General Motors kwenyewe, kampuni iliyounda gari hilo. Bill Mitchell, mkuu wa usanifu, alitaka mstari mmoja uanzie kwenye boneti, upande juu ya paa na kushuka hadi nyuma kama uti wa mgongo wa samaki taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani, ambaye gari hilo limepewa jina lake. Mhandisi Zora Arkus-Duntov aliupinga kwa kuwa ulimziba dereva asione vizuri nyuma. Mitchell alishinda mwaka 1963. Mwaka uliofuata akashinda Duntov. Kwa usalama, Duntov alikuwa na haki. Hata hivyo jicho langu liko upande wa Mitchell, kwa sababu ufito ukiondolewa, mstari ule hufa pale paa linapoanza kuteremka.

Fundi bodi, Kizota:
Nakubaliana na mwalimu, ila tusisahau malighafi. Tangu magari 300 ya kwanza yaliyoundwa Flint, Michigan, mwaka 1953, bodi ya Corvette si ya bati bali ni ya faiba, ambayo kalibu zake ni nafuu kuliko za kukandamizia bati. Bati likibonyea tunaligonga likanyooka. Faiba hupasuka, na kuurudisha mkunjo wake kama ulivyokuwa kunahitaji matabaka ya nyuzi, gundi na subira kubwa ya msasa. Haishiki kutu, lakini chini yake, kuzunguka chumba cha abiria, kuna fremu ya chuma. Anayetaka kuagiza aikague hiyo kabla ya kuvutiwa na rangi.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Mwalimu, je, ni kweli kwamba wapo walioukata ufito huo wenyewe?

Mwalimu wa michoro ya ufundi:
Ni kweli. Baadhi ya wenye magari hayo waliuondoa na kuweka kioo cha 1964 ili waone nyuma. Mwaka 1963 yalitoka magari 10,594 yenye paa la kudumu, na yale ambayo ufito wake haukuguswa ndiyo wakusanyaji wanayoyatafuta leo kwa bidii zaidi.