Mwaka wa tatu Sayansi ya Siasa hapa Mombasa, na bado nafundishwa habari za Mkuu wa Mkoa

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiye na subira apite tu, hatugombani.

Nasoma digrii ya Sayansi ya Siasa katika chuo kimoja hapa Mombasa. Sikitaji, maana bado nataka kuhitimu. Muhula uliopita tulikuwa na somo la serikali na siasa za Kenya. Mhadhiri alimwachia kiongozi wa darasa notisi zake, tukaambiwa twende saiba ya ng'ambo ya geti tukatoe kopi. Basi ni kopi ya kopi ya kopi. Pembeni maneno yameliwa, unaona "Bun" unakisia "Bunge". Hilo ningelimeza. Lakini ukurasa wa nne umeandikwa kwamba Kenya ina mikoa minane, kila mkoa na Mkuu wake aliyeteuliwa na Rais, na kwamba Bunge letu ni la nyumba moja lenye maeneobunge 210.

Jamani! Katiba mpya ilizinduliwa Agosti 27, 2010. Tangu uchaguzi wa 2013 tuna kaunti 47, tuna magavana, tuna Seneti yenye maseneta 67 ukimtoa Spika, na maeneobunge ni 290. Mtoto wa shule ya msingi Bondeni atakutajia haya huku anakula mabuyu. Na kaunti nambari 001 ni hii hii ya Mombasa.

Likaja jaribio la katikati ya muhula. Swali: jadili majukumu ya Mkuu wa Mkoa katika utawala wa Kenya. Mimi nikaandika kwamba mfumo wa mikoa umeshaondoka, kisha nikaeleza gavana na kamishna wa kaunti wanavyokaa mji mmoja, huyu kachaguliwa na wananchi, yule kateuliwa kutoka Nairobi, na mvutano unaozaliwa hapo. Nikapewa alama 3 kati ya 15. Chini pameandikwa kwa wino mwekundu: "Soma notisi." Walionakili zile kopi neno kwa neno walipata 12.

Kuna watakaosema nachukia nadharia. La. Sina ugomvi na wanafalsafa wa siasa kama Hobbes na Locke, na Machiavelli nilimsoma mwenyewe likizoni kwa raha zangu. Ugomvi wangu ni kwamba nadharia zinaletwa darasani kisha zinafungiwa humo humo. Tulifundishwa Duverger, yule msomi Mfaransa wa vyama vya siasa, kwamba uchaguzi wa mshindi mmoja kwa eneo huelekea kuzaa vyama viwili vikubwa. Mwenzetu akanyoosha mkono, akauliza mbona hapa kwetu kura ni za mtindo huo lakini vyama ni vingi, na vinavyokuwa viwili ni miungano, kama Azimio na Kenya Kwanza mwaka 2022? Swali zuri kabisa. Akajibiwa, "Hilo haliko kwenye silabasi, tuendelee."

Na huu ni mji gani tunaofundishwa hivyo ndani yake? Hapa ndipo damu inaponichemka.

Tunaambiwa mamlaka ya dola yalianzia kwenye mikataba ya amani ya Westphalia huko Ulaya, 1648. Sawa. Lakini sisi tumekaa kwenye ukanda wa maili kumi ambao ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakaukodi mwaka 1895, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea Fort Jesus hadi 1963. Mwaka 1961 ikaja Tume ya Robertson kuuliza ukanda huu, yaani Mwambao, ufanywe nini. Wapo waliotaka wajitenge, wapo waliotaka kuingia Kenya, na Ronald Ngala na chama chake cha KADU wao walipigania majimbo, yaani mikoa yenye madaraka yake. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar Mohammed Shamte wakabadilishana barua, ukanda ukaingia Kenya, jambo likafungwa. Unataka somo gani zaidi la dola, mipaka na ridhaa ya wananchi? Wazee wanaokumbuka mambo hayo wako Mji wa Kale, wamekaa barazani na kahawa. Hakuna aliyetutuma tukawasikilize. Nilipoomba kuandika insha juu ya Mwambao niliambiwa mada hiyo ni "nyeti", nichague Umoja wa Ulaya.

Januari 1947 vibarua wa bandari, wafanyakazi wa reli na wa mahotelini waligoma hapa, mji ukasimama, na humo ukakua muungano wa wafanyakazi ulioongozwa na Chege Kibachia. Serikali ya kikoloni ikamkamata, ikampeleka kizuizini mbali na Pwani. Jina lake sijalisikia hata mara moja darasani.

Tuje karibu zaidi. Reli mpya ilianza kubeba abiria 2017, halafu ikaja amri kwamba makontena yapande treni mpaka bara. Ukitembea Changamwe au Miritini wakati ule ulikuwa unaona yadi zimefungwa, gereji hazina lori, mama wa chapati anahama. Watu wakaandamana 2019. Wengine wakaenda kortini, na mwaka 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaibatilisha amri ile. Septemba 2022 Rais mpya, siku ile ile ya kuapishwa, akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Yaani korti imesema, miaka imepita, kisha kauli ya mtu mmoja ndiyo ikashangiliwa. Nani basi ana nguvu katika nchi hii, sheria au ofisi ya Rais? Wataalamu wa siasa wangekesha na swali hilo. Sisi tulikuwa tunakariri hatua za mswada kwenye Bunge la Marekani.

Na Bunge la Kaunti liko hapa hapa, mji una wadi 30. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka lifanye kazi zake kwa uwazi na vikao vyake viwe vya umma. Kuingia ni haki yako. Miaka mitatu, hatujapelekwa kukaa jukwaa la wageni hata kwa saa moja.

Somo la mbinu za utafiti ndilo kichekesho. Mhadhiri alichora dirisha la SPSS, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, ubaoni kwa chaki, na vitufe vyake, akawa anatuonyesha kwa rula "hapa ndipo mnabofya". Wallahi sitanii. Tuliinakili michoro ile kwenye madaftari.

Simlaumu sana yule bwana. Wengi wao ni wahadhiri wa kibarua, wanalipwa kwa somo, na malipo yanachelewa miezi na miezi. Leo yuko Kilifi, kesho Mombasa, atapata wapi muda wa kuandika notisi mpya? Ninaolaumu ni idara, inayojua hayo yote na bado inatuma bili ya karo kwa wakati. Mimi niliingia chini ya mfumo mpya wa ufadhili wa 2023, nikatiwa kwenye bendi, yaani kundi la uwezo wa familia kulipa, ambayo baba yangu, dereva wa tuktuk, hakuielewa mpaka leo. Sehemu yake anailipa.

Halafu alama. Baada ya mgomo wa wahadhiri wa 2025 muhula ulibanwa, mitihani ikafanywa mbio mbio, na kwenye potali yangu somo moja ni kistari tu. Ofisi ya mitihani ina daftari kubwa la kaunta limefungwa kwa uzi, unaandika jina, nambari ya usajili na msimbo wa somo. Nimefunua nyuma nikakuta majina ya watu waliokuwa mbele yetu, safu ya "imeshughulikiwa" tupu. Mama wa pale kaniambia mwalimu aliondoka na karatasi za majibu kwa sababu hajalipwa. Nikamtajia kifungu cha 47, haki ya kutendewa kwa haki na wakuu wa utawala. Akacheka, akasema, "Mwanangu, njoo wiki ijayo."

Msije hapa na "ungesoma ualimu" wala "kwani utagombea udiwani?" Shangazi zangu wamelimaliza hilo swali kwenye harusi zote za ukoo.

Barua kwa mkuu wa kitivo iko tayari. Tunadai notisi zinazofuata Katiba ya 2010, jaribio lile lisahihishwe upya na mtu mwingine, na alama zote zilizopotea zijibiwe kwa maandishi. Wa mwaka wa pili na wa tatu mnaonifahamu, nitakuwa chini ya mwarobaini karibu na maktaba Jumanne kabla ya kipindi cha saa nne asubuhi. Njooni na nambari zenu za usajili, na mwenye zile kopi asizitupe, tutaziambatisha.