Kuomba msamaha kabla ya hukumu: ni kukiri kosa au ni kuchoka na kesi?

Sekei (mleta mada): Wakuu, tarehe 30 Novemba 2025 Waziri Mkuu wa Israel, Netanyahu, alimwomba Rais wa nchi hiyo, Isaac Herzog, msamaha huku kesi yake ya rushwa, udanganyifu na kuvunja uaminifu, iliyoanza kusikilizwa 2020, ikiwa bado inaunguruma. Hakukiri kosa lolote. Hapa Arusha mjini naona wengi wamekwishamhukumu: asiye na kosa anaomba msamaha wa nini? Mimi nasema hiyo ni hoja ya kijiweni. Ukiipeleka mahakamani haisimami.

Njiro: Inasimama vizuri tu, na ina miaka zaidi ya mia. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Burdick, mhariri wa gazeti la New York aliyekataa kutaja chanzo cha habari zake kwa kudai haki ya kutojitia hatiani. Rais Wilson akamwandikia msamaha ili ile kinga imtoke. Jamaa akaukataa. Mahakama ikasema ana haki ya kuukataa, kwa sababu msamaha unabeba picha ya hatia na kuupokea ni kuikiri. Rais Ford, aliyemsamehe mtangulizi wake Nixon tarehe 8 Septemba 1974 kabla hata ya hati ya mashtaka, alikuwa akitembea na kipande cha maneno hayo kwenye pochi.

Sekei: Ndugu Njiro, soma kilichoamuliwa, usiishie kwenye kilichosemwa njiani. Kilichoamuliwa ni kwamba msamaha usiopokelewa hauna nguvu. Yale ya "kuupokea ni kukiri" ni maneno ya pembeni. Mwaka 2021 mahakama ya rufani ya huko huko, katika shauri la Lorance, mwanajeshi aliyekuwa amehukumiwa kisha akasamehewa, ilikataa kuyapa nguvu ya sheria: kupokea msamaha hakukuhesabiwa kuwa ni kukiri kosa, na hakukumfungia mlango wa kupinga hukumu yake. Na Rais Biden, alipowasamehe kina Daktari Fauci na Jenerali Milley Januari 2025 bila shtaka lolote, aliandika wazi kwamba kuupokea kusichukuliwe kuwa ni kukiri.

Sakina: Mbona mnazunguka Marekani kama vile Tanzania hatuna Katiba? Ibara ya 45 inampa Rais wetu mamlaka ya kumsamehe mtu *aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama*. Mahabusu wa gereza la Kisongo au Karanga ambaye kesi yake haijaisha hayumo. Wale wanaotoka kwa msamaha wa Rais 26 Aprili na 9 Desemba wote ni wafungwa. Kabla ya hukumu, mwenye ufunguo ni DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka), na milango yake mikubwa ni miwili.

Wa kwanza ni kuondoa shauri, kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (natumia namba tulizozoea, toleo jipya limesogeza baadhi). DPP anaweza kufanya hivyo wakati wowote kabla ya hukumu. Mshtakiwa anaachiwa, ila hajafutiwa. Anaweza kushtakiwa upya kwa mambo yaleyale, ndiyo maana unaona mtu anaachiwa na hakimu halafu anatiwa pingu kabla hajafika getini.

Wa pili ni makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingia kwenye sheria mwaka 2019. Huko hakuna utata: unakiri, mahakama inajiridhisha kwamba umekiri kwa hiari, unatiwa hatiani, unapata adhabu uliyokubaliana na DPP pamoja na fidia. Ukipita mlango huu usije kutuambia hukukiri.

Kijenge: Na mwaka 2019 tulijaribu mlango wa tatu usio na kifungu. Septemba 22 Rais Magufuli alimshauri DPP awape siku saba watuhumiwa wa uhujumu uchumi walio tayari kukiri na kurudisha fedha. Siku zilipoisha DPP Biswalo Mganga alitaja watu 467 walioandika barua, na fedha shilingi bilioni 107.84. Zikaongezwa siku saba nyingine.

Sasa dada Sakina, wote 467 walikuwa na hatia? Utakatishaji fedha hauna dhamana. Upelelezi "haujakamilika", kesi inaahirishwa siku kumi na nne, inarudi, inaahirishwa tena. Mtu hapo anapiga hesabu ya duka lililofungwa na ada za watoto. Barua yake inapima urefu wa rumande kuliko inavyopima kosa.

Njiro: Hesabu naikubali. Lakini zile barua zilitakiwa *zikiri*. Huwezi kuandika "nilichukua" halafu ukasema ulikuwa umechoka. Netanyahu angalau hajaandika hivyo, na hapo namtofautisha.

Moshono (wakili): Hapo ndipo wakili anapopata kazi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 3, haisemi ungamo ni lazima liwe na neno "nakiri". Ni maneno au mwenendo wowote unaoweza kumfanya mtu aone kwamba umetenda kosa. Na kifungu cha 29 kinasema ungamo halikataliwi kwa sababu tu uliahidiwa kitu. Linakataliwa pale mahakama inapoona ahadi ilikuwa ya aina inayoweza kumfanya mtu akiri uongo. Kwa hiyo "naomba radhi kwa yaliyotokea, nipo tayari kurudisha milioni 40" ni sentensi ya hatari sana mazungumzo yakivunjika.

Barua salama ni fupi. Taja namba ya shauri. Sema unaomba mazungumzo. Usisimulie tukio hata mstari mmoja. Usitaje kiasi kama hasara uliyosababisha, andika "kiasi kinachodaiwa katika hati ya mashtaka". Wakili aipitie kabla ya saini. Kinachowaponza wengi ni kunakili barua ya mwenzake wa selo, ambaye shtaka lake ni jingine kabisa.

Sekei: Asante Wakili. Yaani kuomba si kukiri, ila maneno ya ombi yanaweza kuwa kukiri.

Sakina: Na msamaha haukufungi mdomo. Wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha walisamehewa kifungo chao 9 Desemba 2017. Shauri lao lilikuwa tayari hapa kwetu Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na hukumu ikatoka 23 Machi 2018 ikisema baadhi ya haki zao za kusikilizwa zilikiukwa. Hakuna aliyewaambia "mmeshapokea msamaha, nyamazeni".

Njiro: Hao walikuwa wamehukumiwa na walikataa kosa tangu mwanzo. Mimi nazungumzia anayekimbia hukumu kabla haijaandikwa.

Kijenge: Ibara ya 13(6)(b), kaka: ni marufuku kumtendea mshtakiwa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Haijaweka "isipokuwa akiomba msamaha".

Njiro: Inaifunga Serikali na mahakama. Mimi ni mpiga kura.

Moshono: Swali limeingia inboksi, nalijibu hapa: ukilipa fedha halafu DPP akaondoa shauri kwa kifungu cha 91 tu, bado unaweza kushtakiwa tena. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha makubaliano yameandikwa, yamesainiwa na pande zote na kusajiliwa mahakamani. Risiti ya benki peke yake haizuii shtaka jipya.