Treni ya mwendokasi isimame miji ya kati au ipitilize?

Kichwa cha Treni: Wakuu, reli ya kasi inaunganisha miji miwili mikubwa, halafu kila kamji ka njiani nako kanataka stesheni. Mimi nasema ipitilize. Treni inayokimbia kilomita 300 kwa saa ikianza kushika breki inakula kilomita kadhaa ndo isimame, na kuja kuchanganya tena ni safari nyingine. Wa vijijini wapande basi waifuate mjini.

Chuma Chakavu: "Wa vijijini wapande basi" 😂 Na reli yenyewe itapita juu ya ardhi ya nani mkuu, ya mjini?

Kichwa cha Treni: Fidia si watalipwa.

Bi Mkubwa: Fidia! Mwanangu, wewe ushawahi kulipwa fidia? Reli ya kasi inazungushiwa uzio mwanzo mwisho, hakuna kukatisha, kwa hiyo shamba linapasuliwa kati, ng'ombe upande huu maji upande ule. Niambie wanakunywaje.

Behewa la Tatu: Tunahama mada jamani. Wajapani walishaimaliza hii kesi, Tokyo na Osaka wanayo toka 1964. Reli ni ileile ila Nozomi inaruka vituo, Kodama inasimama vyote. Nilipanda Kodama, ikafika stesheni ikaingia njia ya pembeni ikatulia, tumekaa hivi mara vuuu! behewa likayumba, chai ikacheza kikombeni, kumbe Nozomi ishapita. Nasi tukaondoka zetu.

Kichwa cha Treni: Ukachelewa sasa. Ufaransa nao walijenga stesheni ya kuridhisha watu, miaka ya 90 hivi, ipo mashambani huko kati ya Amiens na Saint-Quentin, wenyewe wanaiita stesheni ya bitiruti 😂

Chuma Chakavu: Umejifunga goli. Hiyo kosa lake sio kusimama, ni kuwekwa porini! Wangeipeleka Amiens mjini nani angecheka?

Kichwa cha Treni: Upinde reli mpaka Amiens? Kona ya kasi hiyo unaijua wewe? Utaenda mwendo wa bajaji.

Shangazi Mtaalamu: Samahani, bitiruti za huko ni za sukari, nyeupe, sio hizi nyekundu za juisi.

Chuma Chakavu: Shangazi acha, nyeupe si ndo figili hiyo?

Shangazi Mtaalamu: Figili na sukari wapi na wapi kaka, uliwahi kulima wewe?

Behewa la Tatu: Mungu wangu, tumefika figili.

Bi Mkubwa: Na ng'ombe wangu bado hawajanywa maji.