Kusajili chama Ujerumani: tuanzie mahakamani au ofisi ya kodi?

Pwani_Kaskazini
Habarini wanajamvi. Tuko watu tisa hapa Ujerumani. Jumamosi tunafundisha watoto Kiswahili, na sasa tunataka kuchangia zahanati moja ya kijiji huko Tanga. Tunasajili e.V. (chama kilichosajiliwa) ili wachangiaji wapate nafuu ya kodi. Katiba iko tayari, kikao cha kuanzisha chama ni mwisho wa mwezi. Tuanzie Amtsgericht (mahakama inayosajili vyama) au Finanzamt (ofisi ya kodi)? Na mwalimu tunaruhusiwa kumpa chochote? Kuna mwenzetu anadai serikali ya hapa inahudumia kila kitu, kwa hiyo chama kidogo hakina nafasi.

Mzee wa Muhtasari
Mkuu, kikao kisubiri. Pelekeni rasimu Finanzamt kwanza, muombe waipitie. Mahakama inakipa chama uhai wa kisheria tu. Msamaha wa kodi ni wa Finanzamt peke yao. Wengi husajili haraka, kisha Finanzamt inakataa kifungu kimoja, na hapo ni kuitisha mkutano upya na kumlipa notari, yule mthibitishaji wa saini, mara ya pili.

Kinachoangusha watu ni kifungu cha kuvunja chama. Mkiandika mali watagawana wanachama, mmekwisha. Tajeni shirika linalotambuliwa na Finanzamt litakalorithi. Sheria ya kodi, Abgabenordnung, ina katiba ya mfano kwenye kiambatisho cha kifungu cha 60: nakilini maneno yale yalivyo, msiyapambe.

Halafu malengo. Katiba ikitaja elimu na utamaduni pekee, hela ya zahanati ni matumizi nje ya katiba. Ongezeni afya ya jamii au misaada ya maendeleo, na mseme mtaitekeleza vipi.

Katiba iwe ya Kijerumani, isainiwe na wanachama wasiopungua saba, iambatane na muhtasari wa kikao. Saini za uongozi kwenye ombi la usajili zithibitishwe na notari. Baadaye mkipungua saba hakuna neno, ila mkishuka chini ya watatu chama kinapoteza hadhi yake ya kisheria.

Bint Hazina
Kuhusu mwalimu: anaingia kwenye Übungsleiterpauschale, posho ya wanaofundisha kwa muda wa ziada, ambayo 2021 ilipandishwa hadi euro 3,000 kwa mwaka bila kodi. Mweka hazina na katibu wana Ehrenamtspauschale, posho ya kazi nyingine za kujitolea, mwaka huohuo ikawa 840. Viwango hupanda, tazameni cha mwaka wenu. Nauli halisi yenye tiketi irudisheni kando, msiichanganye na posho.

Angalizo kubwa: kisheria viongozi hufanya kazi bure. Mkitaka kuwapa hata hiyo 840, katiba iseme wazi kwamba inaruhusiwa. Bila hivyo, hadhi ya msamaha iko hatarini, na ukaguzi huja baada ya miaka, hela imeshaliwa.

Kwa vile kuna watoto, walimu wote wachukue erweitertes Führungszeugnis, kile cheti cha mwenendo mwema kwa wanaohudumia watoto. Wa kujitolea hawalipii wakiwa na barua ya chama.

Mkaguzi_Tanga
Hela ya zahanati ndiyo kazi. Finanzamt ikitilia shaka, mzigo wa kuthibitisha ni wenu, na meseji ya M-Pesa kwenda kwa mtu binafsi haitoshi. Andikeni mkataba mfupi: kiasi, dawa au vifaa gani, ripoti lini. Kama zahanati ni ya serikali, tumeni kwenye akaunti ya zahanati yenyewe, si ya mganga mfawidhi. Tunzeni risiti na hati ya mapokezi ya vifaa. Risiti ya Kiswahili wanaweza kuidai kwa tafsiri, basi kila moja iwekewe mistari miwili ya Kijerumani mapema.

Na huyo mwenzenu mwambieni kwamba hapa serikali mara nyingi hulipa, mashirika ndiyo huendesha. Mashirika makubwa ya hisani kama Caritas, Diakonie na AWO yana chekechea na nyumba za wazee nchi nzima. Chama kidogo hakitaendesha chekechea, lakini kikishatambuliwa, ulizeni manispaa ukumbi. Nyingi huutoa bure au kwa bei ya chini, na ombi wanataka liambatane na barua ya Finanzamt.