Naomba ushauri: video yangu ya anime inatoa mistari kwenye skrini kubwa

Habari zenu wakuu. Niko Kigoma, Mwanga. Nimeunganisha vipande vya anime (katuni za Kijapani) na wimbo, nataka kuipeleka kwenye shindano la tamasha la mashabiki, ambako video zinaonyeshwa ukumbini kwa projekta. Masharti yao ni faili la MP4 lililobanwa kwa H.264, ukubwa wa picha 1920 kwa 1080, bila maandishi ya tafsiri wala nembo. Hayo nimeyamudu.

Shida ni picha. Vipande vingine ni vya Blu-ray, fremu (picha mojamoja zinazounda video) 23.976 kwa sekunde. Vingine nimevitoa kwenye DVD ya zamani, 720 kwa 480, fremu 29.97. Kwenye simu video imetulia kabisa. Nilipoijaribu kwenye tivii ya kibanda cha mpira, mhusika akikimbia tu, kingo za mikono zinachanika kama meno ya chanuo. Nimewasha kichujio cha kuondoa ile mistari, ikaondoka kweli, ila sasa mwendo unakwamakwama. Nikisogeza fremu mojamoja naona moja katika kila tano inajirudia.

Je, vile vya DVD nivirudishe kwanza kwenye 23.976, au mradi wote niuache kwenye 29.97? Kukata nimeshamaliza, kuanza upya sitamani, lakini kama ndiyo njia pekee niambieni tu.

Pia picha ya DVD ni 4:3, yaani nyembamba kuliko skrini pana ya sasa. Niache weusi pembeni, au nikate juu na chini ijaze skrini? Mimi naona kukata kunaondoa vichwa vya watu.

Waliowahi kuonyesha kazi zao ukumbini, natanguliza shukrani.